Shimo la Kiti cha Dereva

Baba alipokufa, kuku ndio waliokuwa wa kwanza kurithi. Hawakuitisha mkutano wala hawakumngoja mchungaji afunge kwa maombi. Walipanda tu kwenye pikapu iliyosimama kando ya jikoni, kupitia dirisha ambalo halijawahi kufunga, wakachagua kiti cha dereva. Yule mwekundu asiye na adabu akaanza kutaga pale pale alipokuwa anakaa baba.

Hakuna aliyewafukuza. Mama alikuwa ananituma nikaokote mayai, naenda, narudi nayo yakiwa bado na joto, naye haniulizi nimeyatoa wapi. Tulikula mayai ya pikapu msimu mzima wa mvua.

Hiyo pikapu, ukiitazama kwa nje, ungesema ni gari. Ukifungua mlango ungeomba msamaha na kufunga tena. Kitambaa cha dari kilikuwa kimeachana na bati, kimeshuka kama kiwele cha mbuzi, na baba alikuwa amekishikilia kwa miiba ya mgunga ili kisimfunike macho akiendesha. Milango kwa ndani haikuwa na kitu, ila maboksi ya mafuta ya kupikia aliyoyachomeka yeye mwenyewe, na mvua ikinyesha yalilegea kama chapati. Mkono wa kufungulia dirisha ulishapotea, kwa hiyo palikuwa na koleo moja lililosafiri kutoka mlango huu hadi ule. Abiria akilalamika joto, baba alimpa koleo, akasema, "Jihudumie." Kiti cha abiria kilikuwa ubao na gunia.

Kiti cha dereva ndicho kilikuwa kiti kweli. Baba alikikalia tangu kabla ya ile njaa ya themanini na nne, akipeleka kabichi za Nunguni kule Kabati, upande wa Kitui, ambako watu wana jua la kutosha na hawana kabichi. Alikuwa mtu mzito. Mwaka hadi mwaka springi zilikufa moja moja chini yake, sponji ikageuka unga, ikabaki shimo. Halikuwa shimo la katikati. Lilizama zaidi upande wa kulia, wa mlangoni, kwa sababu aliendesha akiwa ameegemea huko, kiwiko nje. Mtu mwingine akikaa pale alijikuta ameegemea kulia kama baba, atake asitake. Mimi nilikuwa nakaa humo nikiigiza vile alivyosalimia askari wa barabarani, na dada yangu mdogo anacheka hadi anapaliwa.

Na kulikuwa na ile sauti. Chini ya nyumba yetu kuna kona ya kanisa, mlima mkali, na baba kila jioni alichelewa kuweka gia ya pili. Injini ilikuwa inalia hapo kama ng'ombe anayezaa. Dada akiisikia, anaacha mchezo wowote aliokuwa nao, anaenda kutia maji ya chai kwenye sufuria. Baba akizima gari uani, maji yanachemka. Hawakuwahi kupanga hivyo. Ilikuwa tu.

Kifua kilimshika wakati wa mvua ndefu. Baba mdogo, ndugu yake wa mwisho, alipanda kutoka Mtito Andei anakotengeneza tairi za malori, akamwendesha hospitali Machakos. Ndiyo mara pekee nilipomwona baba ameketi upande wa abiria, kwenye ule ubao, ameshikilia koleo mapajani kama mgeni. Pikapu ilirudi. Yeye alirudi baadaye, kwa gari lingine.

Baada ya mazishi, ukoo ulipokaa chini kuzungumza, baba mdogo ndiye aliyeitaja pikapu. Mtu asimfikirie vibaya. Alikuwa amelia kuliko sisi wote, macho yake yalikuwa yamevimba kama andazi.

"Gari ikilala inakufa," alisema. "Mimi niko barabarani huko chini. Nitaichukua, niifanyishe kazi, na hapa hamtalala njaa. Shemeji asihangaike."

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani. Hakuinua kichwa. "Nitaendesha mimi."

Watu walicheka kile kicheko cha matanga, cha puani.

"Shemeji, wewe?"

"Leseni ninayo. Ni ndugu yako alinipeleka kwa mtihani."

"Leseni haioni barabara. Wewe ukikaa pale tunaona kitambaa cha kichwa tu, na siku nyingine hatukioni."

Mdomo wangu haujawahi kuwa na breki. Nikasema, "Basi tutaandika kwenye mlango kwamba dereva yumo."

Mchungaji pekee ndiye alicheka, akakigeuza kikohozi. Mama alinitazama, na nikajua kwamba hiyo nitalipia. Lakini baba mdogo hakukasirika. Alifikiri, akijipangusa uso kwa mkono mzima.

"Haya. Tuwe watu wazima. Watoto wakirudi shule mwezi wa tisa, kama utakuwa umepeleka mzigo Kabati na kurudi, kwa mkono wako, mimi sifungui mdomo tena. Kama hujapeleka, ninakuja kuichukua."

"Sawa," mama akasema.

"Na hakuna kununa."

"Nimesema sawa."

Baba mdogo akaondoka na ufunguo wa baba, ule mzuri. Sisi tulibaki na wa akiba, ambao lazima uubembeleze kabla haujazunguka.

Hivyo ndivyo mambo yalivyosimama nilipokuja likizo ya Agosti, nikiwa Form Two, nimebeba sanduku langu na njaa ya shule nzima. Kabichi zilikuwa shambani zimefunga vizuri, ngumu kama mawe. Kama pikapu ingekwenda Mtito Andei, mama angebaki kungoja madalali waje getini wamwambie kabichi zake ni ndogo. Aliniambia hivyo jikoni akimenya viazi, kisha akaongeza, bila kuinua macho, "Na mimi nitakuwa wa kuletewa. Kila kitu, nikae tu niletewe."  Nilichukua kisu kingine nikamenya naye.

Tulimfukuza kuku mwekundu tukajaribu. Mama alipanda, akafunga mlango, akatoweka. Sisemi uongo. Kutoka nje niliona vidole kwenye usukani na kilele cha kitambaa. Alikuwa amezama kwenye shimo la baba na kulalia kulia, akitazama katikati ya usukani kama mtu anayechungulia kwenye ua wa jirani.

"Unaona barabara?" nikamuuliza.

"Naona saa ya mafuta."

"Hiyo ilikufa kabla sijazaliwa."

"Leta mto."

Nilileta mto, shimo likaumeza. Nikaleta wa pili. Sasa alikuwa juu, lakini juu ya mito miwili inayoelea ndani ya shimo ni kama kukaa juu ya kondoo wawili. Tuliteremka polepole kuelekea kanisani. Ukungu ulikuwa umeanza kupungua. Alipokanyaga breki kwenye mteremko, mito iliteleza mbele, naye akaenda nayo, magoti chini ya dashibodi, kidevu kwenye usukani. Pikapu ikaendelea na safari yake bila ushauri wa mtu mpaka ikaingia kwenye majani ya ng'ombe ya mzee wa kanisa, ikazima.

 Majani yaliingia dirishani, yale mabichi, yakatugusa nyuso.

"Huyu mtu," mama akasema mwishowe, "amekaa hapa mpaka hakuna mwingine anayeweza kukaa."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa ameweka mkono ndani ya shimo, kando ya mapaja yake, kama unavyoweka mkono kwenye kitanda kilichoachwa sasa hivi.

Tulikifungua kiti na kukipeleka kwa fundi wa viti pale sokoni, mimi nimekibeba kichwani, mama nyuma yangu. Fundi alikibonyeza hapa na pale kama daktari. Kazi yake si mbaya, amevisha viti vya nusu ya magari ya Nunguni.

"Hii imekwisha, mama. Natoa vitu vyote vya ndani, natupa. Naweka sponji mpya, reksini nyekundu. Itakuwa flati kama meza."

"Unatupa wapi?"

"Nini?"

"Hivyo vya ndani."

Fundi aliangalia nyuma ya kibanda chake, kwenye lundo la matambara, sponji za njano na nyuzi, mbwa amelala juu yake. "Hapo tu," akasema.

Mama aliitazama ile takataka kwa muda. Kisha akanipigapiga bega. "Inua. Turudi."

"Mama, nimekibeba mlima wote."

"Na sasa utakibeba mteremko. Inua."

Kiti kilikaa kwenye baraza siku nyingi bila mtu kukizungumzia. Tulikipita tukiingia na kutoka. Nilikuwa nasema "hodi, baba" ninapokipita, kwa sauti ya chini, na kuna asubuhi nilimsikia dada akisema hivyo pia, yeye hakuwa anatania. Nikaacha.

Likizo ilikuwa inaisha. Mama akatuma neno Kabati kwa mama yake, susu wetu, na susu akaja na basi akiwa na mzigo wa mkonge mkubwa kuliko yeye, nyuzi ndefu zilizochunwa na kukaushwa, nyeupe kama nywele zake. Huko kwao jua ni kali na mkonge unaota kwenye kila mpaka. Aliwekwa chini, akaonyeshwa kiti, akaingiza ngumi shimoni.

"Alikuwa anakula vizuri," akasema.

"Susu, hiyo ni kazi ya kabichi," nikamwambia.

"Nyamaza wewe. Hata wewe utaacha shimo mahali." Kisha akamgeukia mama. "Tusitoe kitu. Tujaze juu yake, halafu tufume kifuniko. Ita wenzako."

Wenzake ni mwethya, kina mama wa kijiji wanaosaidiana kwa zamu: leo wanachimba matuta kwa huyu, kesho wanakandika nyumba ya yule. Hawakuwa wamewahi kuitwa kutengeneza gari. Walikuja na majembe kwanza, kwa mazoea, wakayaegemeza ukutani wakaanza kucheka. Mmoja akauliza kama pikapu itapandwa mahindi au maharagwe.

Hapo ndipo kazi ilipogawanywa. Wao walichukua kiti. Mimi nilipewa dari na milango, kwa sababu kusokota nyuzi za mkonge kunafanywa juu ya paja tupu, na wanawake wakianza kupandisha vitambaa wanaume huondoka kwa heshima. Mimi niliondolewa kwa mwiko.

Nilikata pazia la sebuleni, lile la maua ya njano, nikapika gundi ya unga wa ngano, nzito, nikaipaka batini nikabandika pazia. Lilishika vizuri sana. Nilikaa kwenye ubao nikilitazama, nikajiona fundi. Kesho yake asubuhi kuku mwekundu na wenzake walikuwa wamesimama kwenye dashibodi, shingo juu, wanakula dari. Walikuwa wamefika kwenye ua la nne. Susu alipoona alikaa chini kwa kucheka, kisha akanitumia sindano ya gunia na uzi wa mkonge, nikalishona pazia kwenye waya za dari, nimelala chali siku mbili, mavumbi ya miaka yote yakinidondokea machoni. Milango niliivisha mbao za sanduku la chai. Koleo nililiacha. Nilijaribu kutafuta mkono wa dirisha, lakini mama alisema, "Hilo koleo liache."

Kabla ya kujaza, mama alipitisha mkono kwenye nyufa za kiti ili kutoa uchafu. Nilikuwa nikichungulia mlangoni, nyundo mkononi. Akatoa jino la chanuo. Akatoa jani la kabichi lililokauka hadi likawa kama karatasi. Halafu akaanza kutoa maganda ya peremende. Yalitoka mengi, ya rangi zote, yamekunjwa madogo madogo na kusukumwa chini kabisa ambako mtu hawezi kuona. Baba alikuwa amepiga marufuku peremende nyumbani. Alikuwa anasema zinaozesha meno na akili. Nilishachapwa kwa ajili ya moja.

Mama aliyarundika kwenye kanga yake. Mabega yakaanza kutikisika. Kina mama waliacha kusokota, wakadhani analia, mmoja akainuka kumfuata. Alikuwa anacheka, mara ya kwanza tangu mazishi, bila sauti, mkono mdomoni. Kisha kicheko kikaisha katikati, vile tu, naye akabaki amekaa na maganda mapajani.  Susu alivuta uzi mwingine, akautemea mate, akaendelea kusokota. Mama akayakusanya maganda yote akayarudisha yalikotoka, moja moja, akiyasukuma kwa kidole.

Kufuma kulikuwa na matatizo yake. Hawa wanawake wanajua kufuma kyondo, kile kikapu cha mkonge, na kyondo huanza chini, kwenye kitako, katikati, kikazunguka kwenda nje na juu. Hakuna anayejua kufuma kitu bapa chenye pembe. Fundi wa viti alipita siku moja, nadhani moyo wake ulikuwa unamwasha, akasimama mikono kiunoni.

"Kifuniko cha kiti kinakatwa, kinashonwa. Hakifumwi."

"Kwani kiti ni nini," susu akamjibu bila kumtazama, "si kikapu cha matako?"

Fundi aliamua kuketi akatazama. Aliletewa uji.

Kwa hiyo walifuma kyondo kikubwa cha kupinduliwa juu ya kiti, kitako kikiwa pale pa kukalia. Walikaa wakikizunguka, mistari ya kahawia na nyeupe ikipanuka kati yao. Kila jioni susu alikuwa anakilaza kwenye kiti ili kupima, anakibonyeza kwa ngumi mpaka kifuate shimo lote, kikalale chini kabisa upande wa kulia. Amepima hivyo maisha yake yote: kyondo unakipima kwa kile kitakachoingia ndani. Kilipokaa vizuri shimoni aliridhika, akaongeza mizunguko. Hakuna hata mmoja kati ya wale wanawake wote, wala fundi na uji wake, aliyekumbuka kwamba shimo lenyewe ndilo tulikuwa tunaenda kulijaza.

Siku ya kuvisha, walijaza mkonge shimoni mpaka kiti kikawa sawa, kama meza, vile fundi alivyoahidi. Wakavuta kifuniko juu yake, wakafunga kamba chini. Kikalegea. Upande wa kulia kilikuwa kimezidi, kimejikunja kama ngozi ya tumbo la mzee.

Fundi alikuwapo, bila shaka. "Mama, sasa mmeshona suruali ya jirani."

Susu aliitazama ile mikunjo. Akanywea. Ilikuwa kazi ya wanawake wengi, mikono yao ilikuwa imepasuka, na baba mdogo alikuwa ameshatuma ujumbe kupitia makondakta wa basi kwamba atafika Jumamosi. Kufumua na kuanza upya hakungewezekana. Mama alikuwa amekaa kwenye jiwe la kunolea, mikono chini.

"Ongezeni mkonge," akasema.

"Kitavimba," susu akasema.

"Kivimbe."

Waliongeza. Walisukuma kwa mpini wa jembe, konzi kwa konzi, na mikunjo ikaanza kujaa. Kifuniko kikakaza. Pale lilipokuwa shimo pakainuka kilima, upana ule ule, urefu ule ule, kimeelemea kulia vile vile. Nilimwona mama akiinuka kutoka kwenye jiwe. Aliweka kiganja juu ya kile kilima akakipitisha polepole, na nadhani mkono wake ulikijua, kwa sababu ulielekea kulia kabla macho hayajafika.

"Hii kiti ina mimba," fundi akasema, lakini kwa sauti ya kanisani.

Tulikifunga ndani ya pikapu kwa boliti zake za zamani. Mama alipanda, akafunga mlango. Na hakutoweka. Kichwa chake kilikuwa chini kidogo ya maua ya njano, macho juu ya usukani, na kiti hakikusogea hata alipojirusharusha kukijaribu. Aliweka kiwiko nje ya dirisha, akakitoa tena haraka kana kwamba mtu amemwona.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Naona boneti. Naona kanisa." Akasogeza kitambaa cha kichwa. "Mbona hakuniambia ukiwa hapa unaona mbali hivi."

Alhamisi tulipakia kabichi, na Ijumaa kabla ya jua tukateremka, mama na mimi. Sitaki kudanganya kwamba ilikuwa safari tamu. Mkonge mpya unachoma kupitia nguo yoyote. Mama alikuwa anahama tako hili hadi lile njia yote, nami kwenye ubao wangu nilimwambia baba alikuwa na akili kuchagua shimo. Tulivuka Athi, tukaingia kwenye vumbi la Kitui, na madereva wa malori walituchungulia kutoka juu wakishangaa. Kabati watu walizunguka pikapu. Wateja wa baba, wanawake wengi, walisimama kwanza kando, kisha mmoja akaja dirishani, akamshika mama mkono hapo hapo kwenye usukani, akasema pole, akauliza kabichi zimeamkaje. Tuliuza mpaka mwisho. Mama hakutoka kwenye kiti karibu siku nzima, alikuwa anaogopa kwamba akitoka kitakuwa si chake.

Tulirudi wakati wa magharibi. Pale kwenye kona ya kanisa aliweka gia ya pili mapema, safi, kama yuko mbele ya mtahini, na pikapu ikapanda bila kelele. Uani tulimkuta dada anacheza, hakuna chai, hakuna moto. Alitutazama tukishuka.

"Sikuwasikia," akasema. "Nilikuwa nasikiliza na sikuwasikia."

Baba mdogo alifika Jumamosi, akasimama uani na mkoba wake mdogo. Mama alimwambia kabichi zimeenda. Hakubisha. Alizunguka pikapu, akatazama dari, akasema pazia hilo analijua. Kisha akafungua mlango wa dereva.

"Naweza?"

"Kaa," mama akasema.

Yeye ni mrefu kama alivyokuwa baba. Alipanda kile kilima, kichwa kikagonga bati kupitia maua, magoti yakakwama kwenye usukani. Nilikuwa na mzaha tayari kwenye ulimi. Lakini nilimwona mkono wake. Ulikuwa umeshuka kando ya paja, upande wa kulia, unatafuta. Ulikuwa unabonyeza mkonge hapa na pale, polepole, na haukupata kitu. Nikaelewa kwamba muda wote ule, tangu ile siku ya mkeka, hakuwa anataka gari.

"Lilikuwa hapa," akasema.

"Liko," mama akamwambia. "Hatukutoa kitu. Liko chini, tumelijaza tu. Bila hivyo nisingeona barabara, shemeji."

Alikaa hapo shingo imepinda kwa ajili ya dari. Baadaye akashuka, akafungua mlango wa pili, akakaa kwenye ubao, akaokota koleo na kuliweka mapajani.

"Nipeleke barabara kuu," akasema. "Kuna basi la saa nane."

Mama aliendesha, mimi nyuma na upepo. Kioo cha nyuma hakipo, kwa hiyo nilisikia yote, na yote yalikuwa kidogo. Walizungumza kuhusu mvua, na kuhusu mtoto wake wa pili anayeugua masikio. Tulipofika lami ya Mombasa alishuka, akabaki ameshika mlango. Akatoa ule ufunguo mzuri mfukoni, akauweka kwenye dashibodi bila kuutaja.

"Breki yake inavuta kushoto," akasema. "Usipigane nayo, ifuate kidogo halafu uirudishe. Na ukipanda ile kona ya kanisa, gia ya pili iweke mapema. Yeye alikuwa anachelewa sana. Nilimwambia tangu alipoinunua, hakusikia."

"Nimesikia," mama akasema.

Akanipiga kofi dogo la kisogo. "Na wewe msomi, uandike kwenye mlango dereva yumo." Akaondoka akivuka barabara, hakugeuka.

Nilihamia mbele, kwenye ubao. Tulipanda milima. Nunguni ukungu ulikuwa umeshuka tena. Jumatatu nilikuwa narudi shule na nilikuwa nahesabu kimoyomoyo ni nini nitawadanganya wenzangu kuhusu likizo. Tulikaribia kona ya kanisa. Niliona mkono wa mama umeshika gia, umeishika imara, tayari. Mlima ukaanza. Pikapu ikapungua mwendo, ikapungua, na mkono bado umetulia. Nikamtazama. Alikuwa anatazama mbele, kiwiko nje.

Injini ikalia. Ililia ile sauti yenyewe, kama ng'ombe anayezaa, ukuta wa kanisa ukairudisha, ikapanda kwenye ukungu kuelekea nyumbani. Hapo ndipo alipoweka gia ya pili.

Tulipoingia uani dada alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kifuniko cha sufuria mkononi. Nyuma yake mvuke ulikuwa unatoka.